Kifuniko Chenye Bitana

Siku tuliyomzika baba, aliyepewa kipaza sauti asome wasifu wake alitaja jina lake lote, kisha akaongeza: "Maarufu kama Mashine ya Kusaga." Watu wakatabasamu wakiwa wameinamisha vichwa, namna watu wanavyotabasamu msibani. Mama alinifinya mkono mpaka nikahisi pete yake.

Baba hakuwahi kuwa na mashine ya kusaga. Alikuwa fundi cherehani.

Jioni ile, tukiwa tunaosha vikombe, mama aliniambia: "Wewe ulikaa naye dukani miaka yote. Andika ilivyokuwa. Usipoandika watabakiza kicheko tu."

Basi naandika.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara, na ng'ambo ya barabara ndiyo zahanati. Cherehani ya baba ilikaa mlangoni kwa ajili ya mwanga. Yangu ilikuwa nyuma yake, karibu na meza ya kukatia, na tangu nimalize shule kazi yangu ilikuwa vifungo, pindo na kupiga pasi. Baba alikuwa mtu wa bitana. Sketi ya shule, koti la harusi, hata mfuko wa kuwekea kibiblia cha bibi fulani, lazima avitie kitambaa cha ndani. "Nguo isiyo na bitana haijaisha," alikuwa akisema, na mteja mwenye haraka alijua ama asubiri ama aende kwingine.

Mwaka ule serikali ilitoa sera mpya ya umeme vijijini. Kila zahanati iliyo mbali na nguzo za umeme ipatiwe umeme wa jua, na kila kijiji kiunde kamati ya kuutunza. Baba alichaguliwa mwenyekiti wa kamati yetu bila kugombea. Sababu watu waliyoitoa mkutanoni ilikuwa moja: hajawahi kumrudishia mtu kitambaa kikiwa kimepungua. Alirudi nyumbani akiwa amenyooka kama mtu aliyemeza rula.

Afisa wa nishati kutoka wilayani alikuja kutueleza. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vya kung'aa na sauti ya kukariri. Kila sentensi yake ilikuwa na maneno "nishati jadidifu".

Mama alinyoosha mkono. "Jadidifu ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni nishati isiyoisha, mama. Jua halipungui hata ulitumie vipi."

"Haya. Tumekusikia."

Neno hilo mama alilitunza, na baadaye alilitumia.

Fundi wa sola alikuja na lori, akasimamisha paneli juu ya chuma katika ua wa zahanati, akapanga betri katika stoo, akavuta nyaya mpaka wodini na mpaka chumba cha kujifungulia. Friji ya chanjo aliiwasha na kuiacha ikinguruma, ipoe kabisa kabla chanjo hazijaletwa. Alipobonyeza swichi ya chumba cha kujifungulia, nesi wetu alipiga kigelegele peke yake. Kwa miaka mingi mwanamke yule alizalisha watu akiwa ameuma tochi kwa meno. Kina mama walimtania kwamba watoto wa kijiji hiki wote wanazaliwa wakidhani nesi ana mdomo unaowaka.

Taa ile iliwaka muda wa watu kusogea na kuitazama. Kisha simu ya baba ikalia. Alikuwa afisa.

"Mzee, zimeni. Mradi hauanzi kutumika kabla ya kuzinduliwa. Mgeni rasmi anakuja Ijumaa. Na zile paneli zifunikwe vizuri, Mheshimiwa atavuta kitambaa mbele ya kamera."

Fundi wa sola alikuna kichwa. "Mzee wangu, betri hizi zinakula jua. Ukizifunikia paneli, umezinyima chakula. Kama hamna budi, funikeni asubuhi ile ile ya sherehe."

"Nimekuelewa," baba alisema. Na nadhani alielewa kweli. Lakini afisa alipiga tena kusema wapiga picha watatangulia kukagua, kwa hiyo kifuniko kiwe tayari juu, kikiwa kimenyooka. Taa tukazizima, friji ikabaki inanguruma, na fundi akapanda lori lake akaenda kijiji kingine. Waliobaki walikuwa baba na kitambaa.

Kamati ilinunua satini ya buluu. Baba aliishika mlangoni akaitazama dhidi ya mwanga.

"Inaonyesha ndani," alisema.

Akaenda kwenye kabati akatoa kitambaa cheusi kizito, kile alichokuwa akikitia kwenye makoti. Alikipima, akakikata, akakishona chini ya satini yote. Pembeni aliweka vitanzi vya kufungia ili upepo usiinue ncha. Mama aliingia na chai akasimama.

"Umeitia bitana? Baba, mitambo ya jua unaishonea kama koti la bwana harusi?"

"Mheshimiwa atakishika kwa mkono wake. Unataka aone ndani kama pazia la bafuni?"

"Nataka nesi apate taa."

"Atapata Ijumaa."

Tulikivalisha paneli sisi wawili, mimi na yeye. Kilikaa kama ngozi. Utepe mwekundu ulizunguka katikati na fundo lake lilikuwa la kupendeza. Watu waliopita barabarani walisimama kukisifia, na baba alijifanya anatafuta sindano chini ili wasione anavyotabasamu. Kifuniko kile hakikupitisha hata uzi wa mwanga.

Ijumaa Mheshimiwa hakuja. Afisa alisema amepata dharura, atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa nyingine. Kila mara tulifagia ua, tukapanga viti, wanafunzi wakakaririshwa wimbo, kisha simu ikalia. Hakuna aliyethubutu kugusa fundo la utepe, kwa sababu kila mara tuliambiwa anaweza kufika kesho.

Nesi alivuka barabara akaja dukani. Nakumbuka alisimama nje, hakutaka kuingia.

"Baba, friji imenyamaza."

"Imenyamaza vipi?"

"Ilikuwa inanguruma, sasa hainigurumii. Hebu tufunue kidogo. Hata mchana mmoja. Nitakufungia utepe mwenyewe."

Baba aliacha kukanyaga. "Nesi, nimemwahidi afisa. Akija Mheshimiwa akakuta kitambaa kimekunjamana, ataulizwa nani? Friji itaamka tukifunua."

"Na mimi nikiita mtu wa kunishikia tochi usiku, nimwambie nini?"

"Mwambie bado kidogo."

Mama alikuwa amesikia kutoka ndani. "Kama nishati yenyewe haiishi," alisema, "mbona tunaibania?"

Baba alikanyaga cherehani, akashona mshono ambao baadaye aliufumua.

Hatimaye tarehe ikathibitishwa, na siku moja kabla ya sherehe fundi wa sola akarudi kukagua. Alifungua stoo, akagusa betri kwa kipimo chake, ya kwanza, ya pili, zote. Akatoka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Friji ilikunywa kilichokuwamo," alisema. "Kisha zikakaa tupu, muda wote huu. Zimekufa, Mzee."

Baba alivuka ua. Alishika ncha ya kifuniko, akaigeuza, akatazama ile bitana nyeusi kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma jina lake mahali asipotarajia.

Afisa alifika mchana ule, na tulipomwambia alitoa jasho kwenye mdomo wa juu. "Betri mpya haziwezi kufika kesho. Lakini jenereta ninayo kwenye gari." Akamshika baba bega. "Mzee wangu, ni dakika chache tu. Taa ziwake, Mheshimiwa apige picha, aondoke. Kisha tutarekebisha taratibu."

"Huo ni uongo," fundi wa sola alisema.

"Wewe umeajiriwa na nani?" afisa alimuuliza, na fundi akaanza kukusanya vifaa vyake.

Nilidhani baba atakataa. Badala yake alitazama viti vilivyokwisha kupangwa, akauliza: "Jenereta hiyo ina kelele?"

Asubuhi ya sherehe alichimba mwenyewe kifereji cha waya kutoka nyuma ya stoo, akakifukia, akafagia juu yake, kisha akafungua vitanzi vya kifuniko, ukabaki utepe tu. Kuzunguka jenereta tulitundika magunia yaliyojazwa mabaki ya vitambaa vya duka letu. Nilimpokeza moja moja. Hakunitazama machoni.

Mheshimiwa alikuja kweli, mtu mnene mchangamfu, anayecheka na kila mtu. Wanafunzi waliimba. Alivuta utepe, kifuniko kikateleza chini chote kwa mara moja bila kukwama popote, na akageuka kwenye kipaza sauti kusema hajawahi kuona kifuniko kilichoshonwa vizuri namna ile. Makofi. Wakaingia wodini, nesi akabonyeza swichi, taa zikawaka. Makofi tena. Nesi alikuwa amenuna kama aliyeng'atwa.

Yalikuwa yamebaki maneno ya shukrani tu. Baba alisimama karibu na Mheshimiwa, kipaza sauti kikiwa katikati yao. Upepo ukageuka. Mngurumo ukaja wazi kutoka nyuma ya stoo, pamoja na harufu ya petroli.

Mheshimiwa aliinua kichwa. Sidhani alikuwa na shaka yoyote. Aliuliza tu, kama mgeni anavyouliza.

"Mzee wangu, huo mlio ni wa nini?"

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote mbili. Kijiji kizima kikamtazama baba.

"Mashine ya kusaga, Mheshimiwa," baba alisema, na hiyo pia ikatoka kwenye spika zote mbili.

Kijiji chetu kilikuwa na mashine moja tu ya kusaga, nayo siku ile ilikuwa imefungwa, na mwenyewe tulimwita Bwana Unga. Alikuwa amekaa mstari wa pili, mikono magotini, ndani ya suti ya kijivu aliyoshonewa na baba kwa ajili ya siku ile. Vichwa vyote vikamgeukia. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Bwana Unga alikohoa. Akasimama nusu. "Ni kweli, Mheshimiwa," alisema. "Ni ya kwangu."

"Safi kabisa! Umeme na viwanda bega kwa bega!" Mheshimiwa alisema, na wanafunzi, waliokuwa wamefundishwa kupiga makofi kila anaponyamaza, wakapiga makofi.

Mama alivuta mtandio ukamfunika uso. Baba alibaki amesimama pale pale, na niliona shingo yake, ile aliyoinyoosha siku aliyochaguliwa, inarudi mabegani.

Magari yaliondoka na jenereta. Nesi alirudi kwenye tochi.

Jina lilianza wiki ile ile. Kwanza nyuma ya mgongo, kisha mbele ya mlango. "Fundi, suruali yangu tayari?" "Bado." "Au iko kwenye mashine ya kusaga?" Baba aliwaacha wacheke, akaendelea kukanyaga. Ila alianza kwenda kisimani kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya zahanati. Na suti ya Bwana Unga ilipoletwa kupunguzwa mikono, aliishona usiku ule ule, akaipeleka mwenyewe, akaiacha mlangoni bila kubisha.

Alimpigia afisa mara nyingi kuhusu betri. Mara ya mwisho alienda wilayani, nami nikamsindikiza. Ofisi ilikuwa na ramani ukutani, na kijiji chetu kilikuwa na pini ya kijani.

"Unaona hiyo, Mzee?" afisa alisema kwa sauti ya chini. "Kijani maana yake kinawaka. Betri mpya zinakwenda kwenye vijiji vyekundu. Nikiibadilisha nitaulizwa ilizimika lini, na nani alikuwepo. Itabidi iandikwe yote. Ya kifuniko, ya jenereta, na uliyomjibu Mheshimiwa." Akaigusa pini kwa kidole. "Mimi nina watoto, Mzee. Na wewe una jina lako."

Baba aliitazama pini. Tulipofika nyumbani alikikunja kile kifuniko, akakisukuma chini ya meza ya kukatia mpaka ukutani. Mama alitaka kukifanya mapazia. "Kiache," baba alisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake.

Halafu akaja Mama Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji jirani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alikuja na jora zima la satini begani.

"Wewe ndiye fundi wa kile kifuniko? Mheshimiwa anakizungumzia kila anakokwenda! Paneli zetu zimekwisha kufungwa, uzinduzi ni mwezi huu. Nishonee kama kile kile. Na bitana, nimesikia kilikuwa na bitana!"

Baba alipokea vipimo. Aliandika kila namba. "Njoo kesho kutwa," alisema.

Mama Mwenyekiti alipoondoka, mama alitokea kwenye mlango wa ndani. "Utashona?"

"Kazi ni kazi."

"Nakuuliza, utashona?"

Alitandaza satini mezani. Alipiga mistari ya chaki, iliyonyooka kama kawaida yake. Akachukua mkasi, akauweka kwenye ukingo wa kitambaa, akakaa hivyo. Niliendelea na vifungo vyangu. Nilipoinua macho mkasi ulikuwa bado pale pale, haujafunga.

"Lete ile takataka iliyo chini ya meza," aliniambia. "Na vaa viatu. Tunatoka."

Kamati ya kijiji jirani ilikutana darasani. Walikuwa wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na wanakijiji wengine wamesimama madirishani. Mama Mwenyekiti alifurahi kutuona mapema hivyo. Baba alimrudishia jora lake la satini, zima. Kisha akatandaza kifuniko chetu juu ya madawati ya mbele, ndani kukiwa juu.

"Hiki ndicho kilichoua betri zetu," alisema. "Nilikishona mimi."

Akaeleza. Hakumtaja afisa kwa ubaya, wala fundi wa sola, wala Mheshimiwa. Alieleza friji iliyonyamaza na nesi aliyesimama nje ya duka. Alieleza waya alioufukia. Alipofika kwenye lile swali la Mheshimiwa alisita, na nilifikiri ataliruka.

"Nikamjibu ni mashine ya kusaga."

Mtu dirishani aliguna. "Ehe? Na mashine yenyewe ilikuwa inasaga?"

"Ilikuwa imefungwa."

"Na mwenye mashine?"

"Alikuwa amekaa mbele yangu. Amevaa suti."

"Suti!"

Darasa lilipasuka. Mzee mmoja alipiga dawati kwa kiganja, mwingine alitoka nje ashike ukuta. Mama Mwenyekiti mwenyewe alijifuta macho kwa satini yake. Nilitazama picha ya viungo vya ua iliyobandikwa ukutani, nikasoma kila neno: petali, chavua, ovari. Uso wangu uliwaka. Baba alisimama ameshika ncha ya kifuniko, akingoja, namna anavyongoja mteja amalize kujitazama kwenye kioo.

Kicheko kilipopungua alisema: "Chekeni. Mna haki. Lakini msifunike."

Hawakufunika. Waliwasha siku ile ile, na Mheshimiwa alipokuja alikuta friji ina chanjo tayari na wodi inawaka. Akauliza kwenye kipaza sauti mbona hawakumsubiri. Mama Mwenyekiti, ambaye hahitaji kipaza sauti, alimjibu kwamba jirani yao fundi amewaeleza jambo. Akalieleza, na ile suti hakuiacha. Wanasema Mheshimiwa alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, kisha akamtafuta afisa kwa macho.

Baada ya hapo baba hakuwa Mashine ya Kusaga wa kijiji kimoja tu. Alikuwa wa wilaya nzima.

Betri zilikuja msimu wa mvua ulipoanza, kwenye gari dogo, bila sherehe. Nesi alituma mtu amwite baba abonyeze swichi. "Mwambie nina shati la mtu la kushona," baba alisema. Taa ya chumba cha kujifungulia ilipowaka iling'aa mpaka kwenye mlango wetu. Baba aliisogeza cherehani yake, akaigeuzia taa mgongo, akawa anashona katika kivuli chake mwenyewe.

Nesi alimjia mara kadhaa kumshukuru. "Usinishukuru," baba alimwambia. "Ungekuwa nayo tangu siku ya kwanza." Kulikuwa na usiku fulani wa uzazi, katika wiki zile za kifuniko, ambao nesi hakuwahi kuuzungumzia mbele yetu, na baba hakuwahi kumuuliza. Mtoto na mama yake walipona, lakini mama huyo alipopita barabarani baba alikuwa akisimama, kila mara, mpaka apite.

Miaka ilikwenda. Alipougua mara ya mwisho tulimvusha barabara tukamlaza pale zahanati, kwenye kitanda cha dirishani. Mchana mmoja mawingu yalifunga, wodi ikawa nyeusi, na nesi, ambaye naye sasa ana mvi, akabonyeza swichi. Mwanga ulimwangukia baba usoni. Aligeuka polepole, kwa taabu, akaelekea ukutani.

"Baba," nesi alimwambia, "hii taa ni ya kwako. Usiikimbie."

"Ndiyo maana," alisema.

Nesi alinitazama. Nilitaka azime, na nilitaka asizime. Mwishowe alichukua shuka la kitanda cha pili, akalitundika kati ya baba na taa. Lilikuwa shuka jepesi lililochakaa, na mwanga ulipita.

Baba aliligusa kwa vidole viwili, akalisugua, kama alivyosugua vitambaa vyote maishani mwake.

"Halina bitana," alisema, na akafumba macho.